Chanuo

Muuguzi alimkuta mama mshonaji ameketi sebuleni, gauni limepigwa pasi, kilemba kichwani, sakafu inang'aa.

"Mama, leo mambo safi!" alisema, akijitupa kitini. Miguu ilikuwa inamwaka moto kwa kuzunguka nyumba za wagonjwa.

"Nimepona kabisa, mwanangu. Nenda kawaone wenye shida."

Korona ilikuwa imemwachia huyu mama uchovu usiokwisha tangu mwaka jana. Sasa, kumbe, umekwisha. Muuguzi alifunga mkoba, moyo mweupe: nyumba moja imepungua.

Mama aliinuka amsindikize. Kilemba kikateleza.

Upande mmoja nywele zilikuwa zimesukwa, mistari imenyooka. Upande wa pili zilisimama timtim, chanuo limenasa humohumo, pale mkono ulipoishiwa nguvu.

Mama alishika ukuta, akihema. "Mgeni hakuti nyumba chafu, mwanangu. Nikishadeki nalala siku mbili tatu, basi."

Muuguzi aliutazama mlango. Kisha akamrudisha mama kitini, akasimama nyuma yake, akalichomoa chanuo taratibu.

"Mimi si mgeni," alisema. "Inamisha kichwa."