Yungiyungi la Jioni

Katika mji ule, aliyekosa humpelekea aliyemkosea ua la yungiyungi ambalo halijafunguka. Huliweka kwenye beseni la maji, wakakaa wote wawili kulitazama, na likifunguka ndipo msamaha huombwa.

Tumpe hakuja kumzika mume wa dada yake. Sasa alikuwa amekuja, jua lilikuwa limepanda, na ua bado limefumba. Alisogeza kigoda, akafuta jasho, akasali kimoyomoyo, kisha akakisogeza kigoda tena.

Sekela, dada yake, aliinama akalipapasa jani lililochumwa pamoja na ua.

"Mdogo wangu, jani hili lina meno kama msumeno. La ua linalofunguka asubuhi pembeni ni laini. Wewe umeleta la jioni."

"Nilichuma alfajiri, dada, giza bado. Niliogopa kukikucha nitaghairi."

"Kwani mimi nakula watu?"

"Nikimbie bwawani nikalete jingine?"

"Kwa kukimbia, wewe hujambo."

Tumpe akainamisha kichwa. Jioni ilikuwa mbali, na mwenye kinyongo hawezi kushikiliwa kutwa nzima. Sekela aliinuka, akaingia ndani. Tumpe alibaki ametega sikio, akimwomba Mungu mlango usifungwe.

Dada yake alirudi na ungo uliojaa kunde mbichi zikiwa na maganda yake, kazi ya kutwa nzima. Aliuweka katikati yao, kando ya beseni, akaketi, akaanza kumenya za upande wake. Za upande wa Tumpe hakuzigusa.