Mstaafu Afike Mwenyewe

"Ulianza kazi mwaka gani?"

"Sabini na sita."

"Na nne!" Mama alisimama katikati ya njia, akageuka. "Sabini na nne. Ukikosea hapo tumekwisha."

"Na nne," mzee alirudia kwa upole, akaendelea kuchechemea.

Walikuwa wametoka alfajiri, na sasa jua lilikuwa limeshapanda juu ya bonde. Barabara ya magari ilikatwa na mvua, hivyo mwenye shida yake pwani alilazimika kuufuata mto kwa miguu, kilomita ishirini na mbili, hadi unapoingia baharini. Na wao shida walikuwa nayo. Tangazo la Idara ya Maji halikuzunguka mbuyu: mstaafu anayeishi katika nyumba ya idara afike mwenyewe, aonekane kwa macho kuwa yu hai. Asiyefika, nyumba inarudi kwa idara. Wiki nzima ya uhakiki ilikuwa imeliwa na homa. Ilibaki leo tu, mwisho saa tisa na nusu.

Nyumba yenyewe haikuwa kasri. Vyumba viwili na jiko, kando ya mto, pale ambapo mpima maji alisoma kina cha mto kila asubuhi. Lakini mama aliingia humo akiwa bibi harusi, na umri aliofikia si wa kuanza kupiga hodi kwa watu akiomba pa kulala.

"Namba ya kazi?"

Mzee aliitaja yote bila kukosea, kisha akainama kugonga ubao wa daraja walilokuwa wakivuka. "Huu waliupigilia ukiwa mbichi," alinung'unika. "Tazama ulivyopinda."

"Achana na mbao. Kituo cha kwanza ulichopangiwa?"

Ng'ambo walikutana na vijana wenye mabegi mgongoni, watu waliokuja kutembea kwa raha zao. Mmoja alinyoosha mkono kuonyesha maporomoko, na ukungu uliokuwa ukijivuta juu ya miti.

"Mna bahati kuishi mahali pazuri hivi!"

"Tunashukuru," mama alijibu bila kugeuza shingo. Uzuri wa bonde unamtaka mtu aliyelala, na hawa wawili hawakuwa wamefumba macho usiku kucha.

Penye mteremko wa mawe mzee alimpa mkono. Mama akashika ncha ya bakora badala ya mkono, wakashuka hivyo hivyo, taratibu. Chini aliuliza, kwa mara ya tatu tangu asubuhi, "Dirisha la chumbani nilifunga kweli?"

"Ulifunga. Nilikuwepo."

"Na miguu?"

"Viatu vinabana."

"Vumilia. Ukivivua sasa havitaingia tena."

Bonde lilipofunguka na bahari ikaonekana, hakuna aliyeshangilia. Mama aliuliza saa tu, akaongeza mwendo.

Ofisi ya idara ilikuwa chumba kirefu chenye benchi moja na feni iliyozunguka bila kumpoza mtu. Walipofika mbele ya karani ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Karani alifungua jalada, akatazama picha ya zamani, akamtazama mzee, akairudia picha.

"Umekonda, mzee wangu."

"Uzee hauna adabu, binti."

"Na tuliambiwa unaumwa sana."

"Homa ilimwacha jana jioni," mama alidakia.

Maswali yakaanza. Mwaka wa kuanza kazi, namba, kituo cha kwanza, msimamizi wa mwisho. Mzee alijibu moja baada ya jingine kama mwanafunzi aliyekariri. Alitia sahihi polepole mno, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Karani akalifunga jalada, lakini muhuri hakuushika.

"Swali la mwisho, hili halipo kwenye fomu. Na mama asinisaidie. Mlioana lini?"

Bonde zima wamelitembea wakiulizana, na hilo mama hakulifikiria. Aliiona nyumba ikiondoka, jiko, mlango, kila kitu.

"Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane," mzee alijibu papo hapo. "Mvua ilinyesha, hema likatuangukia. Watu wote tukatimua mbio. Yeye alibaki kwenye kiti chake anacheka, gauni limelowa mpaka magotini."

Karani alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kuna wanaosahau hata mwezi!" Akagonga muhuri: YU HAI. "Tuonane mwakani, Mungu akipenda."

Nje, mama aliketi kwenye ngazi za ofisi, akalia. Hakujificha wala hakufuta machozi, na wapita njia walimpisha. Alilia kama mtu aliyekuwa amenyimwa nafasi ya kulia tangu jana. Mzee alisimama pembeni, hatua mbili kutoka kwake, akaikunja karatasi yenye muhuri kwa uangalifu na kuitia mfukoni. Alimwacha hadi alipotulia.

"Basi, shemeji," alisema. "Nyanyuka turudi, tukamzike kaka."