Mtaro wa Bomba

Ndege Mnana alikuwa fundi wa kusuka, na bonde zima halikuwa na kikapu ambacho hakikupita mdomoni mwake. Siku mafuta yalipobubujika kilimani, wanafunzi wake watatu, Fuko, Mchwa na Nungunungu, walimwachia vikapu nusunusu wakaenda kuchimba mtaro wa bomba.

"Malizeni vikapu kwanza!" aliwapigia kelele.

"Ukindu ni mambo ya bibi zetu, Bi Mnana," Fuko akamjibu. "Sisi tumeshakuwa watu wa mafuta."

Wakachimba kwa nyimbo, tena kwa mashindano. Mtaro wa miaka mitatu ukaisha kwa mmoja. Bomba likalazwa, mafuta yakawa yanajiendea yenyewe, na msimamizi wao, Fisi, akawakusanya.

"Hongereni sana. Sasa anahitajika mmoja tu, wa kusikiliza kama bomba linavuja."

Akamchukua Popo, mwenye masikio.

Watatu wale wakarudi kwa Bi Mnana vichwa chini.

"Hivi mlikuwa mnakimbilia wapi?" akafoka. "Hata chungu cha kazi mnakikomba kwa mbio?"

Hata hivyo akawagawia ukindu, akauma wa kwake ili awaonyeshe upya fundo la kwanza. Fundo halijakaza, Kunguru akapita akitangaza kwamba ng'ambo kumeonekana gesi.

Bi Mnana alipoinua macho, aliona vumbi tu. Alitaka kuwatukana, lakini mdomo umejaa ukindu. Akasuka peke yake, akizisikia nyimbo za mtaro zikianza tena, na safari hii waliimba haraka zaidi.