Maji Yaliyogoma Kushuka

Maji yaligoma kushuka. Pampu ilikuwa ikinguruma siku ya pili kwenye kisima kipya cha hospitali, lakini katika kisima kidogo cha kupimia, pembeni yake, kina kilikuwa kilekile cha jana.

"Tumekalia bahari, shemeji!" fundi pampu alisema. "Waambie wajenge hospitali hata tatu."

Mpimaji, ambaye wote walimwita Mama Kina, hakucheka. Kazi yake ilikuwa kujua ardhi ile inapitisha maji kwa kasi gani, ili hesabu za kompyuta zioneshe kama visima vya mtaa vitakauka hospitali ikianza kuvuta.

Alivua kiatu, akakanyaga mchanga. Mguu ulizama hadi kifundo, na maji yakajaa katikati ya vidole.

"Bomba la kumwagia umelielekeza wapi?"

"Hapo tu, kwenye mboga za dada yako. Mtaroni ni mbali, na mke wangu alinisumbua."

"Basi yanazama mchangani, yanarudi chini, na sisi tunayavuta tena. Tunazungusha maji yaleyale kama wehu, shemeji."

"Si zimebaki saa chache za kupima? Andika tu tukalale."

"Niandike, halafu watu waamke wateke matope?"

Akaizima pampu mwenyewe.

Walianza upya, bomba likimwaga mtaroni. Iligharimu mapipa mawili ya dizeli yaliyoungua bure, siku mbili za kungoja maji ya chini yatulie, na shemeji mmoja aliyenuna wiki nzima.