Nakupa Mji

"Nimefundisha wiki nzima, leo napima kilichoingia vichwani," alisema Mwalimu Mbaruku, na kila aliyekosa alicharazwa. Bakora ya kwanza ilivunjikia mgongoni mwa Shani. Akachukua nyingine.

"Haya, Mwanaidi! Nusu ukijumlisha na robo, unapata ngapi?"

Mwanaidi hakujua. Damu ya mwenzake ilikuwa sakafuni. Akakumbuka vitendawili vya kwa bibi, ambako asiyejua hutoa mji, kisha huambiwa jibu.

"Nakupa mji, mwalimu."

Bakora ikamshukia begani, shati likachanika. "Unanifanyia mzaha, we kichwa maji?"

"Nakupa huu wetu," alisema akilia. "Uchukue na soko lake, ila jibu utuambie."

Darasa zima likaitika, "Twakupa mji!"

Bakora ilibaki juu, haikushuka.