Mwenyekiti Asiyefaa

Kiti cha plastiki kilipita karibu na sikio la Apolonia, kikagonga ubao na kuanguka miguu juu.

"Jezi ni nyekundu!" alifoka kijana aliyekirusha. "Radi hatujawahi kuvaa kijani na hatutavaa!"

"Basi chezeni uchi," Apolonia akamjibu bila hata kuinama.

Alikuwa katibu wa Mavuno, na kurudi nyuma hakukujua. Kwa mara nyingine walikuwa wamejifungia darasani kujaribu kuziunganisha Radi na Mavuno, timu mbili za Bariadi mjini ambazo mashabiki wake hawanywi chai kwenye mgahawa mmoja. Si kwamba walikuwa wamependana ghafla. Vijana wazuri walikuwa wanakimbilia Mwanza, Radi imebaki haina kipa, na Mavuno ina makipa wawili lakini haina wa kufunga bao. Ligi ya mkoa ilikuwa mlangoni. Ama waingie kama timu moja, ama wakae pembeni watazame watu wa Maswa na Busega wakicheza.

Upande wa pili wa darasa aliketi Mihayo, nahodha wa Radi. Apolonia hakumtazama. Kwenye fainali ya miaka mitatu nyuma, Mihayo aliruka na miguu yote miwili, na mfupa wa Dastan ukasikika ukivunjika mpaka kwa watazamaji. Dastan ni mdogo wake Apolonia. Siku hizi anaendesha bodaboda mtaa wa Somanda na anachechemea. Pole ya Mihayo hajawahi kuisikia. Radi wote walishikilia kwamba uwanja ulikuwa na shimo.

Mbele, kwenye meza ya mwalimu, alikaa Mzee Jilala, mwenyekiti wa kamati ya muungano. Walimchagua kwa sababu alikuwa mtu pekee mjini ambaye hakuna upande uliomchukia. Mzee mpole, aliyekuwa akinunua pamba vijijini, mtu wa kusimama njiani kusalimia hata watoto wa chekechea. Kumbe cheo hulevya. Tangu akalie kiti kile, hakuna aliyepona ulimi wake. Radi aliwaita genge la wapiga mateke. Mavuno aliwaambia wanacheza kama wanawake wanaopalilia. Kila walipokaribia kupigana, yeye aliwatukana wote kwa pamoja, mpaka ugomvi wao ukabaki unaning'inia.

Leo alikuwa mbaya zaidi.

"Nyekundu, kijani, upuuzi mtupu," alisema huku akipiga miayo. "Timu mbili za ovyo mkiziunganisha mnapata timu moja ya ovyo." Kisha akanyoosha kidole nyuma ya darasa, alikoketi Dastan. "Na yule mnayemlilia kila siku, alijivunja mwenyewe. Mguu gani ule? Bua la pamba. Ukipulizwa unakatika."

Apolonia alisimama, damu imempanda kichwani. Lakini kuna mtu alimtangulia.

"Mzee, ishia hapo," alisema Mihayo.

"Nimesema uongo? Si ninyi Radi mliosema kulikuwa na shimo?"

"Hakukuwa na shimo." Sauti ya Mihayo ilikwaruza. "Niliona mpira umeshapita, nikafuata mguu. Nilimvunja mimi. Usimcheke."

Mihayo akageuka, na Apolonia akamwona usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Dastan, nisamehe. Nilikuwa nakukwepa barabarani kwa aibu."

"Nilikuwa nakuona ukinikwepa, kaka," Dastan alijibu polepole. "Nilikuwa nangoja useme tu."

Apolonia alitamani kumpiga Mihayo kofi. Akajikuta ngumi zake zimeelekea kwenye meza ya mwalimu.

Mzee Jilala alikuwa anapiga makofi.

"Igizo zuri," alisema. Akachukua kofia yake. "Mkimaliza kulia mniite. Mwenyekiti ni mimi, na hamna wa kunitoa hapa."

Akatoka, akaubamiza mlango.

Walitazamana. Halafu Apolonia akasema alichokuwa nacho rohoni, Mihayo akamuunga mkono kabla hajamaliza sentensi, na mikono ikanyooka darasa zima, ya Radi na ya Mavuno, hata ya yule kijana wa kiti. Hasira ilivyokuwa imewashika, waliyapitisha na mengine yote humo humo: timu moja, jezi nyekundu yenye mikono ya kijani, Mihayo nahodha, Dastan kocha msaidizi. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa kupinga kungemfurahisha yule mzee.

Kilichobaki kilikuwa kumnyang'anya Mzee Jilala muhuri wa kamati na ufunguo wa stoo ya vifaa. Wakapanda bodaboda ya Dastan kwa mtindo wa mishikaki, Dastan mbele, Mihayo katikati, Apolonia nyuma, wakaenda hadi kwake.

Walimkuta amekaa nje ya nyumba na mkewe, Nyanjige, mzee amejinyoosha kama mtu asiye na deni na mtu. Apolonia hakusema shikamoo, wala mwadila ya Kisukuma. Hakushuka hata kwenye pikipiki.

"Tumekuondoa uenyekiti," alisema. "Lete muhuri na ufunguo."

"Nani katoa hoja?"

"Mimi."

"Na nani kaunga mkono?"

"Mimi," alisema Mihayo.

"Waliopinga?"

"Hakuna hata mmoja. Radi na Mavuno, wote tumekukataa."

Mzee Jilala aliwatazama watatu wale waliobanana juu ya kiti kimoja. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa muhuri na ufunguo, akaviweka kwenye kiganja cha Apolonia.

"Nyanjige, waletee chai watoto," alisema. "Na mimi nilifikiri mtaungana kunifukuza tangu mkutano wa kwanza."