Kidevu cha Mama

"Sauti ilianza kuwa nzito lini?" daktari aliuliza tena.

Binti alimjibia mama yake. "Ni mafua tu, daktari. Ana miaka sabini na miwili, hayamwachi upesi."

Mama alikuwa fundi cherehani mstaafu. Kwa miezi minane alikuwa akiamka kabla ya watu na kujifungia bafuni na wembe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini yeye alikwishazaa watano, akaona hayamhusu.

Leo makusudi hakunyoa. Aliufungua mtandio aliouzungusha shingoni hadi mdomoni. Kidevu kizima kilikuwa na ndevu fupi, nyeupe, ngumu kama nyuzi za brashi.

"Mama!" Binti alijiziba mdomo.

"Punguza kelele. Sijaiba kitu."

Daktari hakucheka. Alivaa miwani, akazitazama zile ndevu kwa karibu, kisha akaichukua picha ya tumbo iliyopigwa asubuhi.

"Niliona uvimbe kwenye ovari ya kushoto, kile kifuko cha mayai ya uzazi, nikawa sijui ni wa aina gani. Sasa nahisi najua. Ni wa nadra sana, unatoa homoni za kiume. Tukiuwahi, tunautoa kwa upasuaji, na wengi hupona."

"Kumpasua, kwa umri huu?" Binti alisimama. "Tusubiri kaka zangu waje, tukae kikao."

Mama alimgeukia. "Kaka zako wana ovari?"

Akaivuta fomu ya kukubali upasuaji iliyokuwa mezani, akaomba kalamu.

"Niandike wapi, daktari?"